MTOTO ATENGEWE KWANZA, GUNIA LIENDE SOKONI BAADAYE

(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama wa Ushirika, katika mkutano wa kutayarisha mauzo ya maharage. Tumeiandika hapa ubaoni kwa ajili ya waliokuwa shambani siku ile, na waliokaa nyuma wasisikie vizuri. Anayejua kusoma amsomee mwenziwe.)

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu wanachama wa Ushirika,
Wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana,

Tumepewa nafasi tuseme juu ya chakula cha watoto wetu. Wengine mtauliza, jamani, mkutano huu ni wa bei ya maharage, watoto wanaingiaje? Wanaingia. Tena wanaingia kwa mlango wa mbele. Tuvumiliane kidogo, mtaona.

Mkoa wetu wa Njombe hauna njaa. Mahindi tunavuna, viazi tunavuna, maharage tunavuna, maziwa tunakamua, na siku hizi parachichi zetu zinapanda meli kwenda Ulaya. Mgeni akifika hapa akaona mashamba haya atasema, hawa watu wamebarikiwa. Lakini hesabu ya watoto inasema habari nyingine. Mwaka 2022 serikali ilipima watoto wa nchi nzima wenye umri chini ya miaka 5. Katika kila watoto 100 wa Tanzania, 30 walikutwa wamedumaa. Kwetu Njombe walikuwa kama 50 katika kila 100. Rukwa vile vile, nusu kwa nusu. Jirani zetu wa Iringa, karibu 57. Na mikoa hii mitatu ndiyo inayosifiwa kwa kulisha nchi!

Basi hapo ndipo penye swali. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala amedumaa. Kwa nini?

Kwanza tuelewane maana ya kudumaa. Siyo ufupi wa ukoo. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake kwa sababu mwili ulikosa vya kujengea kwa muda mrefu, au uliugua ugua mara nyingi. Na mwili ukikosa vya kujengea, ubongo nao unakosa. Mtoto huyo anaweza kuwa na mashavu, akacheza vizuri na wenziwe, wala mama yake asione kasoro. Kasoro itaonekana darasani, na baadaye itaonekana kwenye nguvu ya kazi. Wakati mkubwa wa kuzuia jambo hili ni siku 1000, tangu mimba inapotunga hadi mtoto anapotimiza miaka 2. Baada ya hapo kimo kilichopotea ni vigumu sana kukirudisha.

Lakini asije mtu akasema, wangu amekwisha pita miaka 2, basi mimi simo. Chakula kizuri humlinda mtoto na maradhi na humpa nguvu ya kusoma katika umri wowote. Wote tumo.

Sasa turudi kwenye swali. Jibu ni kwamba tumbo la mtoto linajazwa, ila linajazwa kitu kimoja. Asubuhi uji mweupe wa sembe na sukari. Mchana ugali. Jioni ugali. Katikati, akilia, anapewa biskuti na soda, au chai ya rangi. Mahindi yanatia nguvu, hatuyakatai. Lakini mtoto anajengwa kama nyumba. Ukimpelekea fundi matofali peke yake, bila saruji, bila mbao, bila bati, atakujengea nini? Mahindi ni matofali. Maharage, mayai, maziwa, dagaa, nyama, mboga za majani, matunda na mafuta, hivyo ndivyo vinavyobaki kukamilisha nyumba.

Na hivyo vyote, ndugu zetu, tunavyo. Hakuna kilichoandikwa hapa kinachotoka mbali isipokuwa dagaa, nao wapo gulioni. Tatizo ni safari yake. Maharage yanatoka shambani moja kwa moja kwenye gunia. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe moja kwa moja kwenye kituo cha kukusanyia. Mayai yanatoka kwenye kiota moja kwa moja kwa mnunuzi wa pikipiki. Fedha inarudi nyumbani, na sehemu ya fedha hiyo inakwenda dukani kununua soda ya mtoto. Tunatoa yai, tunaleta soda. Hebu pimeni wenyewe biashara hiyo. Chupa ya soda ya mililita 350 kwa kawaida ina sukari gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Haina cha kujenga mwili. Yai moja lina protini gramu 6 hivi, pamoja na vitamini na mafuta. Na fedha ya soda ile ingetosha kununua yai.

Hatusemi watu wasiuze. Ushirika huu unaishi kwa kuuza. Mbolea ina deni, ada zinadaiwa, bati halinunuliwi kwa maneno. Tunasema kitu kimoja tu: sehemu ya mtoto itengwe kabla gunia halijashonwa mdomo. Likishashonwa, basi. Hakuna anayelifungua tena.

Tumepiga hesabu, na wale wa darasa la kisomo walisaidia kuihakiki. Mtoto mdogo akila konzi moja ya maharage makavu kwa siku, tuseme gramu 50, yakapikwa yakagawanywa mchana na jioni, kwa siku 365 atakula gramu 18,250. Hiyo ni kilo 18 na robo. Ni kama debe moja. Debe moja kwa mwaka mzima! Mwanachama anayevuna magunia matano, ukimtolea debe moja la mtoto, atasema ameporomoka? Mwenye watoto wawili wadogo atenge debe mbili. Tuliite DEBE LA MTOTO. Likae ndani, liandikwe jina la mtoto kwa mkaa, na asiliguse mtu kwa ajili ya deni, wala harusi, wala mgeni.

Baada ya debe, tuseme juu ya kibakuli chenyewe.

1. Mtoto tangu kuzaliwa hadi miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Hata maji hahitaji, isipokuwa dawa aliyoagiza mganga wa zahanati. Baada ya miezi 6 aanze vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi.

2. Tumbo la mtoto ni dogo, kama ngumi yake. Hawezi kushindana na sisi tunaokula mara mbili tukashiba. Wa miezi 6 hadi 8 apewe chakula mara 2 hadi 3 kwa siku. Wa miezi 9 hadi 23 apewe mara 3 hadi 4, na kitu kidogo cha katikati mara 1 au 2, kama ndizi mbivu au kipande cha parachichi.

3. Uji uwe mzito, usidondoke kijikoni kama maji. Uji wa maji unajaza tumbo na kumwacha mtoto na njaa. Ukiwa mzito mno na mtoto hawezi kumeza, ipo dawa yake, nayo mnaijua: kimea. Ulezi unaolowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukapukutwa vimelea, ukasagwa. Weka kijiko kidogo cha unga huo kwenye uji mzito uliopoa kidogo, koroga, utauona unalegea wenyewe bila kuongeza maji. Kisha urudishe jikoni uchemke tena. Mtoto anakunywa uji mwepesi wenye chakula cha uji mzito. Kimea ni kile kile cha komoni, ila safari hii hakiendi kilabuni.

4. Kuna akina mama wanaochanganya mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano, wakasema huo ndio unga wa lishe. Nia ni njema. Lakini hao wote ni ndugu wa tumbo moja, wote ni nafaka, na kuwachanganya hakuongezi kitu kikubwa. Chukua nafaka moja au mbili, halafu uutajirishe uji wakati wa kupika: maziwa yaliyochemshwa, au karanga zilizokaangwa zikatwangwa laini, au yai lililopigwa na kuchemkia humo, au dagaa waliosagwa. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, humkaba.

5. Mahindi na karanga zenye ukungu zisiingie kwenye chakula cha mtoto, wala cha mtu mzima. Ndani yake kuna sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na wengine walikufa. Tuanike juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo. Tuchambue kwa ungo kabla ya kwenda mashineni. Na kama mnaweza, saga dona badala ya sembe, kwa maana kiini na pumba ndivyo vyenye vitamini nyingi. Lakini dona la mahindi safi, yaliyochambuliwa.

6. Mboga za majani kila siku: mchicha, mnafu, majani ya maboga, matembele. Zikatwe ndogo, zipikwe muda mfupi na mafuta kidogo ya alizeti. Viazi lishe, vile vyenye rangi ya machungwa ndani, vina vitamini A inayolinda macho. Tunda baada ya chakula, papai au chungwa, husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Chai ya rangi inafanya kinyume, inayazuia. Kwa hiyo chai isikae pamoja na chakula cha mtoto.

7. Nyama ya mtoto siyo lazima ingoje Krismasi au msiba. Simbilisi na sungura tunao nyuma ya nyumba. Kipande kidogo, kilichokatwa katwa kikachanganywa na maharage, kinamtosha.

Sasa kuna neno la akina mama waliotuuliza wiki iliyopita: "Haya ni mazuri, lakini mtoto amezoea biskuti. Ukimpa boga anatema." Ni kweli. Mtoto hafundishwi kwa siku moja. Kuna njia, nayo ni ya polepole.

Sukari ya uji ipunguzwe nusu wiki hii, na nusu yake tena wiki ijayo, hadi ulimi usahau. Biskuti ya saa 4 ibadilishwe na kiazi cha kuchemsha au ndizi mbivu, saa ile ile, mahali pale pale, ili asiione siku imevunjika. Chakula kigeni apewe kidogo, kijiko kimoja, pamoja na kile anachokipenda. Akitema, usimpige, usimlazimishe, wala usikimbilie dukani. Mpe tena keshokutwa. Watoto wengi hukubali chakula kigeni baada ya kukionja mara nyingi, hata mara 10. Tena awe na kibakuli chake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwekwa sinia moja na kaka zake, ugali unakwisha yeye bado anapuliza tonge la kwanza. Na la mwisho katika hili: atakula anachoona tunakula. Baba akisukuma mboga pembeni akasema ni majani ya mbuzi, mtoto amesikia.

Akina baba, hapo hapo tusitoke. Wanaoamua gunia liuzwe lini, maziwa yapelekwe mangapi, kuku yupi achinjwe, katika nyumba nyingi za hapa ni akina baba. Kwa hiyo kibakuli cha mtoto kinaanzia mkononi mwa baba, mama anakipokea tu. Mama amekwenda kupalilia tangu alfajiri, mtoto ameachwa kwa dada yake wa miaka 7, mchana wote chakula ni ugali wa jana. Tukimwambia mama huyo amlishe mtoto mara nne, tumempa kazi ya nne wala hatujamtua ile ya kwanza.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kulima bustani. Na kuanzia 1983 na 1984 Mkoa wa Iringa, wakati ule Njombe ikiwa ndani yake, ulikuwa na mradi wa lishe uliosifiwa hata nje ya nchi. Siri yake ilikuwa nini? Watoto walipimwa kijijini kila baada ya miezi mitatu, na hesabu ikasomwa kijijini, watu wenyewe wakaulizana: huyu kapungua kwa nini, tufanye nini? Kulikuwa na mahali pa kuwalisha watoto mama zao wakiwa kazini. Kazi hiyo haikuletwa na ndege. Ilifanywa na vijiji kama hiki.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, tunaleta mbele ya mkutano mapendekezo haya. Yatapigiwa kura Jumamosi ijayo, kabla mizani haijafunguliwa.

La kwanza: kila mwanachama mwenye mtoto wa chini ya miaka 5 atenge Debe la Mtoto kabla ya kupima maharage yake. Karani wa mizani atauliza, "Debe limetengwa?" Hatapekua nyumba ya mtu. Atauliza tu, na jibu litatolewa mbele ya watu.

La pili: mwenye ng'ombe abakize kikombe kimoja cha maziwa kwa kila mtoto kabla ya kupeleka kituoni, na mwenye kuku abakize yai la mtoto angalau kila siku ya pili.

La tatu: parachichi ambazo wanunuzi huzikataa kwa udogo au kwa doa la ganda zisitupwe kwa nguruwe zote. Ganda ndilo lenye doa, ndani ni nzima. Zigawanywe kwa nyumba zenye watoto wadogo. Parachichi likipondwa ni chakula laini chenye mafuta mazuri, mtoto wa miezi 7 analila bila shida.

La nne: wajane, na mabibi wanaolea wajukuu, ambao hawana debe la kutenga, wapewe kutoka akiba ya ghala la Ushirika. Jambo hili ndilo litakalopima kama sisi ni ushirika kweli au ni watu waliokutana mizanini.

La tano: msimu wa kupalilia liwepo jiko la uji karibu na mashamba ya bonde, kwa zamu. Kila nyumba ilete unga, kuni na kikombe cha karanga kwa wiki. Akina baba wawe kwenye zamu ya kuni na maji.

La sita: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayokuja kila miezi mitatu, asikose mtoto hata mmoja. Mhudumu wa afya atapima uzito, kimo na mkono kwa utepe. Utepe ukisoma chini ya sentimita 11 na nusu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, hiyo ni rangi nyekundu, mtoto apelekwe zahanati siku ile ile, asingoje gulio. Hesabu ya jumla itabandikwa kwenye ubao huu, bila majina, ili tujue tunapanda au tunashuka.

Yapo maneno tuliyokwisha yasikia njiani. Mmoja anasema, "Sisi tulikula ugali mtupu na tumekua." Tumekua, ndiyo. Lakini wapo tuliowazika wadogo, na wapo waliokua nusu ya walivyoweza kukua, wala hakuna aliyepima. Mwingine anasema, "Bei ya maharage mwaka huu ni nzuri, mwaka kesho tutatenga." Ndugu yetu, maharage yatavunwa tena mwaka kesho. Lakini mtoto mwenye mwaka mmoja leo, mwaka kesho atakuwa na miaka miwili, na mlango wa siku 1000 utakuwa umefungwa. Hakuna msimu wa pili wa umri huo.

Tulifundishwa kwamba adui zetu ni watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Kibakuli cha mtoto kinapigana na wote watatu kwa pamoja: kinampa akili ya kusoma, mwili wa kukataa maradhi, na mkono wa kushika jembe au kalamu. Silaha hiyo tunayo ndani, katika gunia lililosimama mlangoni likingoja kushonwa.

Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane ghalani. Kila mmoja aje na jibu lake, na mwenye pingamizi aje nalo pia, tulijadili kindugu.



Katibu, kwa niaba ya kamati

(Debe la kupimia litakuwa mlangoni mwa ghala tangu Ijumaa. Asiye na debe nyumbani aje na gunia tupu, atapimiwa.)